Namba Moja, Nyumba Nne

Kijijini Ibambilo, nje kidogo ya Ushirombo, namba ya simu ilikuwa moja na nyumba zilizoitumia zilikuwa nne. Waya ulitoka Kahama ukaifuata barabara, ukaingia kwanza ghala la pamba la ushirika, ukaenda zahanati, ukavuka korongo mpaka nyumba ya mapadre, na mwisho kabisa, ukiwa umechoka kama kila kitu kinachotoka Kahama, ukafika ofisi ya shule ya msingi. Mtu akikupigia kutoka popote aliomba namba hiyohiyo, ishirini na tatu, na kengele zililia nyumba zote nne kwa pamoja. Tofauti ilikuwa kwenye mlio. Mlio mmoja mrefu ni wa ghala, miwili ni ya zahanati, mitatu ya mapadre. Minne ilikuwa ya shule, na shule maana yake ni mwanakijiji yeyote asiye na pamba ya serikali, dawa wala upadre.

Siku waya ulipofika, Padre alitangaza sheria kanisani: mlio usio wako, mkono usiguse. Watu wakaitikia amina kwa sauti kubwa, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyeishika sheria yenyewe. Sikio halilali njaa, na kijiji kile hakikuwa na redio zaidi ya mbili. Marcel, karani wa ghala, alikuwa akifunika mdomo wa simu kwa leso ili pumzi zake zisisikike. Bernadina, nesi wa zahanati, alisubiri watu wawe katikati ya salamu ndipo anyanyue, maana wakati wa salamu hakuna anayesikiliza vishindo. Januari, katekista aliyekaa nyumba ya mapadre, alifanya kwanza ishara ya msalaba. Fundi wa posta alikuwa amewaonya kwamba nguvu ya waya ni moja, kila mkono wa simu unaonyanyuliwa hunywa sehemu yake, na aliye mwisho wa waya hubaki na masalia. Walimsikiliza kwa adabu, wakampa kuku, akaenda zake.

Hapo pakazaliwa sheria ya pili ambayo haikutangazwa popote, na hiyo ndiyo iliyoshikwa kweli. Ulilolisikia kwenye mlio wa mwenzako hukulisikia. Usiliulize, usilidokeze, usilifanyie kazi mpaka mwenyewe akuletee. Akikuletea, unashangaa. Watu wa Ibambilo walikuwa mabingwa wa kushangaa. Mtu aliweza kuambiwa habari ya mahari ya binti wa jirani, habari ambayo alishaisikia yote mpaka idadi ya ng'ombe, naye akashika kiuno na kusema hebu niambie vizuri.

Salvina aliijua sheria hiyo kama wengine. Alikuwa akipika uji wa wanafunzi na kufagia ofisi ya Mwalimu Stanslaus, mkuu wa shule, na mara mbili tatu, ofisi ikiwa tupu na kengele imelia miwili, mkono wake ulikwenda wenyewe. Alisikia mambo ya mama yake Bernadina aliyekuwa akiumwa kule Chato, akaweka mkono wa simu chini taratibu, akaenda kukoroga uji. Bernadina alipomweleza wiki iliyofuata, Salvina alishangaa vizuri sana. Mambo yalikuwa hivyo, na hakuna aliyedhani yana ubaya.

Mumewe, Telesphori, alikuwa fundi seremala. Mwaka ule watu walikuwa wametoka kuhamishiwa vijijini, kila mtu anajenga na hakuna mwenye cha kumlipa fundi. Basi alipopata habari kwamba wachimba dhahabu upande wa Geita wanatafuta mtu wa kupiga magogo ndani ya maduara, yale mashimo yao, ili udongo usiwafukie, alichukua msumeno na randa akaondoka pamoja na mdogo wake, Bujiku. Alimwacha Salvina na mtoto mgongoni, Justina, na mama mkwe, bibi Zipora, aliyekuwa haoni vizuri tena. Alikuwa mtu mpole, mwenye kupima mbao mara nyingi kabla ya kukata, na Salvina alimpenda kwa namna ya watu wa kule, yaani hakumwambia kamwe, bali alimtengea kila siku mnofu wa shingoni.

Msimu wa kuvuna pamba ndipo Nkwabi, dereva wa gari la pamba, aliposimamisha gari lake mbele ya shule na kushuka bila kuzima injini. Salvina akajua kabla hajasalimiwa. Nkwabi alieleza kwamba duara lilikuwa limetitia, watu wametolewa, Telesphori ametolewa akiwa hai, lakini mguu ulibanwa na gogo na sasa yuko hospitali ya Geita. Bujiku yuko naye. Salvina akafungua kanga kiunoni aifunge upya, kama mtu anayejiandaa kupanda gari palepale.

Nkwabi akamzuia. Mgonjwa mwenyewe alikuwa ametoa maagizo: mke wake asianze safari na mtoto mchanga kwa kusikia ya njiani. Karani wa hospitali amekubali kumwazima simu siku ya Alhamisi asubuhi. Atampigia, atamwambia mwenyewe kama aje au asije. Mpaka hapo, atulie.

Basi Salvina akatulia, kama mtu anavyoweza kutulia juu ya moto. Kijiji kizima kilijua habari ya Alhamisi, kwa sababu Nkwabi aliisema kwa sauti ya kushindana na injini. Bibi Zipora alitaka waondoke tu, wasisubiri simu wala nini. Salvina akamwambia, mayu, amesema tungoje. Mume akisema tungoje tunangoja. Bibi kizee akakubali, maana ndivyo alivyomlea mwanawe na ndivyo alivyompokea mkwe.

Alhamisi ilipofika, Mwalimu Stanslaus alimtolea Salvina kiti chake mwenyewe, akapangusa mkono wa simu kwa shati, kisha akatoka nje na kufunga mlango ili mke azungumze na mumewe bila kuona haya. Salvina akakaa na Justina mapajani akiitazama ile kengele. Ilipolia minne, akanyanyua.

Kwanza alisikia sauti ya mtu wa posta Kahama, halafu mikwaruzo, halafu Telesphori. Alikuwa karibu kabisa, utadhani yuko nyuma ya mlango wa ofisi. Salvina akasahau yote aliyopanga kusema, akaamkia shikamoo kama siku ya kwanza alipopelekwa kwake.

"Marahaba, Mama Justina," alisema Telesphori. "Hamjambo huko? Mama hajambo? Mtoto? Mimi mzima. Namshukuru Mungu, mzima tu. Bujiku yuko hapa, ananihudumia vizuri."

Kwa watu wa kule, mtu huwa mzima kwanza, mengine hufuata. Hata anayekuja kutangaza msiba huulizwa habari za nyumbani na kujibu nzuri, kisha ndipo aketi na kusema ila. Salvina alikuwa anaingoja hiyo ila. Hapo ndipo akasikia kishindo kidogo kwenye waya, ta, na sauti ya Telesphori ikarudi nyuma kama mtu aliyeingia chumba cha ndani. Akasikia ta nyingine, sauti ikatoka nje ya nyumba. Ya tatu ilipopigwa, aliyekuwa akisema alikuwa upande wa pili wa mbuga, na upepo unavuma.

Alivijua vishindo vile. Angeweza hata kuvitaja majina. Walikuwa wamesubiri salamu, kama kawaida yao, na hawakunyanyua kwa ubaya, hilo pia alilijua. Walikuwa wanamhofia Telesphori kama yeye. Alipaswa kusema, jamani wekeni simu chini, simsikii mume wangu. Maneno yalifika ulimini yakakaa hapo. Angewaambiaje watu wazima, nesi, karani na katekista, kwamba ni wezi wa maneno, tena yeye ambaye mkono wake haukuwa safi? Na wangejibu nini? Wangeweka simu chini kimya, na kesho yake nani angemtazama nani?

Telesphori aliendelea kusema. Alisema kwa muda, bila haraka, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo na kulirudia. Salvina alibana mkono wa simu sikioni mpaka sikio likamuuma, akapata pumzi tu na kupanda kwa sauti, bila neno. Kuuliza si ujinga, hufundishwa hivyo watoto shuleni hapohapo. Lakini mwanamke aliyelelewa kwa mama yake Salvina hamwambii mumewe rudia. Mume akisema, mke amesikia. Tena mgonjwa, tena kwa simu ya kuazima, amchoshe kwa kumrudisha mwanzo?

Basi alikuwa akiitikia ndiyo. Kila sauti iliposhuka, akasema ndiyo, baba. Mwishoni sauti ilipanda kama ya mtu anayeuliza, ikanyamaza, ikangoja.

"Ndiyo," alisema Salvina. "Nimekusikia, Baba Justina."

Likaja neno moja au mawili mafupi, na sauti yake ikakatika. Mtu wa posta akasema muda umekwisha.

Alikaa pale kitini muda, mtoto anavuta shanga zake. Kisha akaanza kujijengea nyumba kwa vijiti alivyokuwa navyo. Alisema mzima. Alisema anamshukuru Mungu. Bujiku anamhudumia vizuri. Mtu anayetaka mke aje hawezi kuanza kwa kumsifu mhudumu. Na sauti yake haikuwa ya kulia, ilikuwa ya mtu mwenye subira. Alipofika nyumbani, nyumba ile ilikuwa imeezekwa kabisa, akamwambia bibi Zipora kwamba mwanao hajambo, mguu unaendelea, ametuambia tusihangaike. Hilo la mwisho hakuambiwa na mtu. Lilimtoka lenyewe, na likishatoka lilisikika kama kweli.

Asubuhi iliyofuata alipita ghalani na kapu la pamba kichwani. Gari la Nkwabi lilikuwa limesimama pale likinguruma, limeshapakiwa, nafasi mbele karibu na dereva iko wazi na imetandikwa gunia safi. Kwa kawaida gari lile lilikuwa linaondoka alfajiri. Marcel alikuwa amesimama mlangoni pa ghala na kitabu chake cha mizani, akimtazama. Salvina akasalimia mwangaluka, akatua kapu, akapimiwa, akasema haya, nawatakia kazi njema. Marcel akamuuliza kama hana zaidi. Salvina akajibu pamba iliyobaki ni ya wiki ijayo.

Marcel akaingia ndani bila kuaga. Baada ya kitambo gari likaondoka na ile nafasi wazi. Salvina alilisikia likipanda kilima cha barabara ya Geita, akawaza tu kwamba Marcel ameamka vibaya leo.

Jioni, kwenye rozari ya jumuiya, Januari aliongeza nia ambayo haikuwa ya kawaida: tuwaombee wenye mioyo migumu, wasioguswa na kilio cha wagonjwa wao. Akina mama wakaitikia. Wengine waligeuza macho upande wa Salvina, maana habari ya simu sasa ilikuwa imeshatembea, kwa ile njia yake ya kutembea bila miguu. Salvina naye akaitikia, akiwaombea hao wenye mioyo migumu kwa dhati kabisa.

Hata hivyo usingizi ulimkataa. Ile ila isiyosikika ilikuwa imemkaa kifuani. Mtu hasemi kwa muda wote ule kueleza kwamba ni mzima. Siku iliyofuata alijipa moyo akaenda zahanati, kwa sababu Bernadina alikuwa rafiki yake na ndiye aliyemzalisha Justina. Alitaka kuomba apige simu hospitali ya Geita aulize hali ya mgonjwa. Njiani alipanga namna ya kusema. Angesema, juzi waya ulikuwa na upepo, sikupata vizuri. Lakini kila alivyoligeuza neno hilo liliingia mlemle: ukimwambia Bernadina sikusikia, umemwambia umenizibia.

Bernadina alikuwa akichemsha sindano. Hakumkaribisha kiti. Salvina akauliza habari za kazi, za mama Chato, za watoto, akazunguka mbali, hatimaye akaomba kama ingewezekana kupiga Geita.

"Simu hii ni ya wagonjwa," alisema Bernadina bila kugeuka. "Na mwenye masikio, simu moja inamtosha."

Salvina alibaki amesimama. Bernadina hakuwahi kumjibu hivyo tangu wafahamiane. Akafikiri amechokwa, kwamba watu wameona anajidai na simu kama mke wa mkubwa, leo kupigiwa, kesho kupiga. Aibu ikamshika, akasema samahani nesi, akatoka. Bernadina naye, tuseme ukweli, aliposikia hatua zake zikishuka ngazi aliweka sindano chini na kulia kwa hasira. Alikuwa amemsikia mwanamume akimwita mkewe, akamsikia mkewe akiitikia, na sasa anamwona mke huyohuyo anazunguka kijijini na mtoto mgongoni kama mtu asiye na safari. Angemuuliza kwa nini huendi? Kumuuliza ni kukiri. Basi alinyamaza, na Marcel akanyamaza, na Januari akanyamaza mbele ya Mungu na watu.

Kengele ililia mitatu siku ya Jumanne, wakati uji unachemka. Salvina alihesabu milio akaendelea kukoroga, maana haikuwa yake. Haukupita muda akamwona Januari anavuka korongo akiwa amevaa kanzu ya kanisani, na katika nchi ile katekista havai kanzu siku ya kazi bila sababu. Nyuma ya Salvina alikuwa amesimama Mwalimu Stanslaus, aliyetoka ofisini na kofia mkononi. Salvina hakulia mara moja. Alitoa sufuria motoni kwanza, akaifunika, akaosha mwiko. Ndipo akalia.

Telesphori aliletwa na gari la Nkwabi, ndani ya sanduku ambalo angelionea haya kama fundi, mbao hazikupigwa hata randa. Alizikwa kando ya shamba la mihogo. Ibambilo yote ilikuja, kwa sababu msiba ni msiba hata wa mwenye moyo mgumu. Akina mama walipika, wanaume walichimba, lakini Salvina aliona kwamba jamvi alilokalia lilikuwa pana kuliko kawaida. Mwanamke aliyefiwa huwa anabanwa kila upande na mabega ya wenzake. Yeye alikuwa na bibi Zipora upande mmoja, na upande mwingine kulikuwa na jamvi tupu. Bernadina alichota maji, alitenga chakula, aliosha vyombo, alifanya yote isipokuwa kuketi hapo.

Mchana wa matanga, wakati wageni wa mbali wamekwishaondoka, Bujiku alikuja akachuchumaa mbele ya shemeji yake. Alikuwa amekonda, macho mekundu, na hakuweza kuanza. Alipoanza alisema kwa upole, jambo ambalo lilimuumiza Salvina kuliko kama angegomba. Alieleza kwamba mguu ulikuwa umeoza. Madaktari walitaka kuukata tangu Alhamisi ileile, wakasema bila hivyo sumu itapanda. Telesphori akakataa kisu. Alisema wangoje. Ijumaa wakamsihi, akasema mke wangu yuko njiani. Jumamosi Bujiku alitaka kupiga simu tena akakatazwa: amesema ndiyo, usimharakishe, ana mtoto mgongoni. Jumapili homa ilimpanda hata hakujua tena anasema na nani.

"Nilimwambia utakuja," alisema Bujiku. "Hata mimi niliamini. Kitu gani kilikuzuia, shemeji?"

Salvina alimtazama bila kuelewa. "Nije wapi? Nani aliniita?"

Bujiku akafumba macho. Bibi Zipora akaacha kuyumba. Na kutoka upande wa vyombo, Bernadina akasimama na bakuli linalochuruzika maji, akasahau sheria ya kwanza na ya pili.

"Usimwongopee maiti, Mama Justina. Alikuita. Alikusihi kama mtoto. Ukamwambia ndiyo, nimekusikia, na kesho yake ukaenda kupima pamba."

Uani hapakuwa na hata mmoja aliyeshangaa, na hiyo ndiyo iliyomfumbua Salvina macho. Alimtazama Bernadina, kisha Marcel aliyekuwa ameketi na wanaume chini ya paa la banda, kisha Januari. Kila aliyemtazama aliinamisha uso. Walijua wote. Walikuwa wameijua ile ila tangu Alhamisi, kijiji kizima, mpaka watoto wa uji pengine, na aliyekuwa haijui alikuwa yeye peke yake, mwenye mlio.

"Sikusikia," alisema.

Bernadina akamsogelea na lile bakuli.

"Nilisikia salamu. Nilisikia mimi mzima. Halafu nikasikia ta, ta, ta, mliponyanyua. Sauti yake ikaenda kwenu. Kwangu haikufika." Hakuwa anapiga kelele. Alisema kama anayewaeleza njia ya kwenda mahali. "Niliona haya kuwaambia wekeni chini. Niliona haya kumwambia rudia. Basi nikasema ndiyo."

Bakuli lilimponyoka Bernadina, halikuvunjika, liliviringika tu mpaka miguuni pa Bujiku. Marcel alikuwa amesimama. Alisema alichelewesha gari. Alisema alitandika gunia, alimwambia Nkwabi asiondoke mpaka mama wa watu aje, na alipomwona anasalimia na kupita alimchukia, Mungu amsamehe, alimchukia kwa roho yake yote. Angesema neno moja tu. Panda. Neno lenyewe lilikuwa hilo, na hakulisema kwa sababu angeulizwa amejuaje kuna safari. Januari aliketi chini kwenye vumbi na kanzu yake akashika kichwa. Bibi Zipora, ambaye haoni vizuri, alikuwa akigeuza uso huku na huku akiuliza kwa Kisukuma mwanawe alisema nini, nani amwambie, mwanawe alisema nini.

Hapo wakaanza kusema wote. Bernadina akasema alimtaja mtoto, Januari akasema hapana, alianza na mguu, akina mama wengine waliokuwa hawana simu wala waya nao wakaongeza ya kwao waliyoyapata kwa Bernadina, na maneno ya Telesphori yakawa yanatupwa uani vipandevipande, huyu na kipande chake, yule na chake. Salvina aligeuza kichwa kutoka mdomo hadi mdomo. Kwa mara ya pili mumewe alikuwa anasema naye asipate kitu.

Akainua mkono. Hakujua kama angeweza kuwanyamazisha watu wazima, lakini walinyamaza.

"Marcel," alisema. "Wewe uko mwanzo wa waya. Ulimsikia vizuri kuliko wote. Njoo ukae hapa, useme wewe peke yako. Na usiseme alisema hivi, alisema vile. Sema kama alivyosema."

Marcel akaja, mtu mzima mwenye familia, akaketi kwenye lile jamvi tupu. Alitazama chini kwenye mikeka. Salvina alimhamisha Justina kutoka bega hili hadi lile ili sikio lake la kulia liwe wazi, lile alilokuwa amelibana na simu.

"Mguu umeoza, Mama Justina," Marcel akaanza, na sauti yake ilikuwa yake, ya karani, lakini maneno hayakuwa yake na kila mtu aliyatambua. "Wanasema ukatwe. Usipokatwa sina siku nyingi. Mimi naogopa. Sijawahi kukwambia kitu kama hiki, lakini naogopa kile kisu kuliko nilivyoogopa kule chini. Nimewaambia wangoje mpaka uje. Ukikaa hapa pembeni ukanishika mkono, nitawaruhusu. Fundi wa mguu mmoja bado anaweza kutengeneza viti. Njoo na gari la pamba la kesho, uje na mtoto, mama mwachie Mwalimu. Mimi nitawashikilia hapa hapa, hawatanigusa mpaka nikuone."

Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye vidole.

"Umenisikia, Mama Justina?"

Salvina alikuwa ameinama mbele, kichwa kimeelekea kule sauti ilikotoka, kama alivyokuwa ameketi kwenye kiti cha Mwalimu.

"Sikusikia, Baba Justina," alisema. "Rudia."